Chanjo Haikai Juani

"Chumvi imezidi kwenye mchuzi."

Sauti ya Mzee, mkuu wa idara ya ujasusi, ikakatika hapo. Siafu akaizima simu yake ya setilaiti, akaisukuma chini ya maganda ya viazi. Maneno manne, maana moja: adui yumo melini.

Saa tatu na nusu asubuhi. Saa yake ya mkononi ilimwonyesha kwamba zimebaki dakika hamsini kabla ya meli kufunga gatini.

Manowari ile ilikuwa imefunika mizinga yake kwa turubai, ikabeba mchele, mahema na maji ya kunywa. Mafuriko yalikuwa yamekata madaraja yote, na njia ya kuufikia mji ilibaki bahari tu. Watu mia nne walisongamana gatini tangu alfajiri. Mmoja wao alikuwa dada yake, muuguzi, aliyeamini mpaka leo kwamba mdogo wake ni mmenya viazi wa jeshi.

Siafu aliogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, na meli hii ilikuwa na nguo nyingi.

"Wewe!" Mpishi mkuu alifoka kutoka mlangoni. "Nimekuita kwenye redio mpaka koo limekauka!"

"Nilikuwa chumba cha baridi, bosi. Humo redio haiingii."

"Kila siku humo haiingii! Siku moja utaganda na nyama."

Siafu akachukua kapu lake, akateremka kwenye sitaha ya mizigo. Lango kubwa la nyuma lilikuwa wazi nusu. Jua lilikuwa linapiga masanduku sita meupe yaliyoandikwa CHANJO.

Akasimama.

Dada yake hakuwahi kumsalimia mtu kabla hajaligusa sanduku la chanjo. Chanjo haikai juani, angesema, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Siafu akaweka kiganja kwenye sanduku moja. Lilichoma kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Nani kayaweka hapa?"

"Daktari wa misaada," alijibu serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, huku akijifuta jasho. "Nilitaka kuyatia kwenye baridi, akanikaripia. Anataka yakae mlangoni, yashuke ya kwanza. Mimi ni nani nibishane na msomi?"

Siafu akavunja kufuli kwa koleo lake la mfukoni. Ndani hapakuwa na barafu. Palikuwa na vipande vya baruti vilivyozungushiwa nyaya, na kipokezi cha redio chenye taa nyekundu.

"Mama yangu!" serahangi akanong'ona.

"Usipige kelele, kaka. Shika upande huo."

Siafu alikwisha kuelewa. Watu wajazane langoni, masanduku yalipuke, na dunia iambiwe kwamba wanamaji wameleta mabomu badala ya chakula. Kisha manowari za wageni walioimezea mate bandari ile kwa miaka mingi zingeingia kwa jina la uokoaji.

Wakabeba sanduku baada ya sanduku. Migongo iliwauma.

Zilibaki dakika kumi.

Daktari alikuwa ubavuni mwa meli, mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya boti ndogo.

"Daktari, umesahau chanjo zako."

Akageuka. Aliiona bastola mkononi mwa Siafu kabla ya kuiona sura. Mkono wake ukatoka mfukoni na kidude cheusi, kidole gumba juu ya kitufe.

"Piga, mpishi. Piga, tufe wote."

Gati lilikuwa limekaribia. Siafu aliliona vazi jeupe la dada yake katikati ya umati. Kama ule mlango wa chuma haukufunga sawasawa, basi ingekuwa kwaheri ya mwisho.

Akapiga hatua mbele.

Daktari akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Na tena.

"Nimezitia chumba cha baridi," Siafu alisema. "Humo redio haiingii. Muulize bosi wangu."

Serahangi akamkaba kwa nyuma. Kidude kikadondoka, Siafu akakiokota na kuchomoa betri. Nahodha akairudisha meli nyuma, ikangoja mbali na gati wakati wataalamu wa mabomu wakikata nyaya, waya mmoja mmoja. Siafu alikuwa nao humo ndani, akiwashikia tochi.

Saa sita mchana lango likashuka. Dada yake alikuwa wa kwanza kuingia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Chanjo ziko wapi?"

"Zilizokuja hazifai. Nyingine zinaletwa na helikopta jioni."

"Hazifai kwa nini?"

"Daktari alizianika juani."

Dada akasonya. "Daktari gani huyo?"

"Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo."

Dada akamshika mkono, akashtuka. "Mbona umeganda hivi?"

"Chumba cha nyama."

"Yaani bado unamenya viazi? Na akili zote zile!" Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Afadhali. Kazi hiyo haina hatari."

"Haina, dada."

Siafu akamtwisha katoni ya maji, akarudi jikoni taratibu. Viazi vilikuwa bado gunia zima.