Meza Mbili za Shangazi Lupe

Asubuhi nyumbani kwetu Mangere, pembeni mwa jiji la Auckland, huanza na baba kutafuta soksi zake. Anapakia mizigo kwenye uwanja wa ndege, na gari la kazini halimngoji mtu. Mama humkaangia mayai huku mtoto yuko begani. Wadogo zangu wawili hugombania mkate. Mimi, Siale, huchemsha chai na kuwaamua.

Mwaka jana tulikuwa na furaha ya pekee. Shangazi Lupe alikuwa anakuja kutoka kisiwa cha Vava'u, kule Tonga. Yeye ni dada mkubwa wa baba, na hakuwahi kufika Auckland. Mtoto wetu mchanga alikuwa bado hana jina. Kwetu Watonga shangazi ndiye anayetoa jina. Basi tulimwita Mtoto tu, tukangoja.

Shangazi kwetu ni mkubwa kwa heshima kuliko baba. Kwenye sherehe hukalishwa mbele. Huletewa chakula kizuri kuliko vyote, naye hukigawa kwa mkono wake. Baba anamheshimu dada yake kiasi kwamba hawali meza moja. Hawataniani. Baba akiwa na neno la kumwambia, humtuma mama au mimi. Shangazi akiingia sebuleni, baba hutoka kwa mlango wa jikoni.

Ndiyo maana baba hakumwuliza dada yake angependa kula wapi. Aliona ni kukosa adabu. Akaamua mwenyewe.

"Tunampeleka bandarini, akatoe jina huko," alisema.

Migahawa ya bandarini iko katikati ya jiji. Ina kuta za vioo, na mbele yake zimefungwa mashua za matajiri. Sisi tulikuwa tukipita tu tukielekea kwenye kituo cha basi. Mama aliuliza kama pesa zitatosha. Baba akajibu kwamba dada yake hapimwi kwa pesa. Akapiga simu, akaagiza meza mbili. Moja ya shangazi na sisi, nyingine yake peke yake.

Jumamosi jioni tukaenda. Shangazi alivaa mkeka wake wa heshima kiunoni, vazi la sherehe kwao. Mhudumu alikuwa msichana mpole, lakini hakuelewa kwa nini baba amekaa pembeni. Alimfuata akamwambia kwamba kwenye meza yetu kuna nafasi. Baba akakataa kwa tabasamu. Baadaye yule msichana alimwinamia mama na kumwuliza kwa sauti ya chini kama yeye na baba wamegombana.

Baba hakutazama bei. Aliagiza tu.

Chakula kilikuja, kila mtu na sahani yake. Sahani zilikuwa kubwa, chakula kidogo. Kipande cha samaki, majani matatu juu yake, na mchuzi uliochorwa kama mstari. Wadogo zangu walimaliza kabla sijashika uma. Shangazi aliitazama sahani yake. Akatazama kushoto kwake, akatazama kulia. Alikula kidogo, kisha akafunga mkate kwenye leso na kuuweka mkobani.

Mtoto alirudi nyumbani bila jina.

Kesho yake, baada ya ibada, baba alikaa kwenye ngazi za nyuma. Bili ilikuwa imemeza pesa za chakula cha wiki nzima, lakini si hilo lililomuumiza.

"Nimemkosea dada," alimwambia mama. "Na sijui nimemkosea wapi. Akiondoka bila kumpa mtoto jina, nitauweka wapi uso wangu?"

Jirani yetu, Mama Sulu, alikuwa anaanua nguo upande wa pili wa ua. Ni Msamoa, na ni mpishi katika hoteli moja ya bandarini. Ana sikio refu na moyo mzuri. Alikuja na kapu lake la nguo, akaomba asimuliwe yote. Mama akamsimulia. Mama Sulu alicheka mpaka akakaa chini.

"Jirani yangu Fehoko, umempeleka dada yako akale mwanga wa mishumaa?"

Baba alisema alitaka kumpa kilicho bora.

"Bora kwa nani? Mimi ndiyo kazi yangu. Yale majani matatu nayapanga kwa kibano, nikiwa nimebana pumzi. Ni chakula kizuri. Mtu na mchumba wake wakitaka kutazamana macho, waje. Lakini wewe ulikuwa na watoto wenye njaa, na mgeni ambaye heshima yake ni kugawa. Sasa ulimpa nini cha kugawa?"

Nilimwona baba akiitazama mikono yake.

Mama Sulu akaanza kumweleza, huku anakunja taulo. Jiji lina mitaa ya kulia chakula ya kila namna. Ya ghali siyo mibaya, na ya rahisi siyo ya aibu. Kila mmoja una kazi yake. Kwa hiyo mtu aanze kujiuliza chakula chenyewe ni cha nini. Ni cha wawili au cha ukoo? Kuna watoto? Kuna mzee? Kisha apite mapema mlangoni asome bei, kwa sababu migahawa mingi huzibandika nje. Zisipokuwepo, apige simu. Aulize kama chakula huja sahani ya kila mtu au sinia la wote. Aulize kama siku ya sikukuu wanaongeza bei, maana wengine huongeza. Aulize kama kinachobaki kinaweza kufungwa kikaenda nyumbani.

"Kuuliza bei siyo umaskini," alisema. "Hata wenye zile mashua wanauliza."

Baba akasema kwamba dada yake alitaka sana kuiona bandari.

"Kwani bandari inaliwa? Kuleni kule Otahuhu, kwenye migahawa ya masinia, mshibe, halafu mkaitembelee bandari. Taa zile hazina bili. Na kabla ya yote, mwulizeni mgeni mwenyewe."

"Unajua siwezi kumwuliza dada."

"Una binti," alisema Mama Sulu, akanitazama. "Ana mdomo. Anautunza tu, kama vyombo vya wageni."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Kumwuliza shangazi swali ni jambo zito. Lakini niliuona uso wa baba, nikainuka.

Shangazi alikuwa chumbani, amempakata Mtoto, anampaka mafuta ya nazi. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Nilimwambia kwamba baba anaona amemkosea. Halafu nikamwuliza, nikiwa naangalia sakafu, angependa kula wapi.

Shangazi aliendelea kumpaka Mtoto mafuta.

"Baba yako hajanikosea," alisema. "Alitaka nione mambo mazuri. Lakini nilikaa pale, mwanangu, kila mtu ana sahani yake. Nitamgawia nani, na nigawe nini? Ningetoaje jina mahali ambapo hata mkate sikuwamegea watoto wa ndugu yangu?" Akacheka kidogo. "Halafu nilirudi na njaa. Ule mkate niliula kitandani."

Aliniambia anatamani nguruwe wa kuchoma, yule ambaye ngozi yake inalia kama kuni kavu. Na wali mwingi. Na meza yenye kelele.

Baba alipoambiwa, hakungoja. Kesho yake, baada ya kazi, alipanda basi hadi Otahuhu. Alipita mgahawa mmoja baada ya mwingine, akasoma bei milangoni. Kwa Mhindi palimpendeza, lakini hawakuwa na nguruwe. Akaingia kwa Mchina mmoja mwenye meza kubwa za duara, akauliza yote aliyofundishwa. Alirudi anatembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jumamosi tukaenda. Meza zilikuwa za plastiki, na nyuma yetu watu walimwimbia bibi yao wimbo wa siku ya kuzaliwa. Baba alikaa meza ya pili, karibu na ukuta. Mwenye mgahawa hakumwuliza kitu. Alimpa chai tu.

Nguruwe alikuja kwenye sinia moja kubwa, na bata, na bakuli la wali linalofuka moshi. Mama alilizungusha sinia likasimama mbele ya shangazi. Sote tukangoja.

Shangazi aliomba kabla ya kula. Kisha akakunja mikono ya nguo. Alimgawia mama, akamgawia kila mtoto, akaniwekea mimi ngozi iliyokauka vizuri. Halafu akachukua sahani tupu. Akaijaza nyama ya mbavu, ile nzuri kuliko zote, ambayo ni haki yake. Akanipa.

"Mpelekee baba yako. Mwambie hii imetoka kwa dada yake. Na mwambie mtoto anaitwa Toakase."

Toakase lilikuwa jina la mama yao, bibi yangu.

Nilipeleka sahani, nikasema nilivyotumwa. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akageuka kuelekea ukutani. Halafu akaanza kula.

Chakula kilibaki. Tulifungiwa makopo mawili, moja likawa la Mama Sulu. Pesa nazo zilibaki, tukapanda basi kwenda bandarini na kuwanunulia wadogo zangu aiskrimu. Shangazi alitembea mbele, amembeba Toakase. Baba alifuata nyuma, hatua kadhaa, kama inavyopaswa. Tulipita mbele ya ule mgahawa wa vioo. Taa zake zilikuwa zinacheza majini.

"Kumbe ni pazuri," alisema shangazi. "Siku ile sikupaona."

Baba alinivuta mkono. "Siale, mwambie dada akija tena tutakula kulekule Otahuhu. Halafu tutakuja hapa kutembea."

Nikafungua mdomo nimwambie.

"Mwambie nimesikia," alisema shangazi, bila kugeuka. "Na mwambie safari ijayo aongeze bata."