Zawadi za Nahum

Ba mama na ba tata wa Kamina, hii habari nawaambia bila kujitoa ndani yake. Nilikuwapo, na nilipiga makofi.

Zamani, Jumamosi mchana, nyumba ya Nahum Kayembe karibu na reli ilikuwa ya kupendeza. Lucienne, bibi yake wa ndoa, alipanga samaki wakavu waliotoka Kinkondja. Nahum akirudi kutoka kazi ya kutengeneza reli alivua viatu, akaketi uani na kuanza kuimba kwa ile sauti yake nzito. Sisi majirani tulizima redio zetu.

Kisha lutuku ikaingia. Mnaijua, ile pombe kali inayopikwa nyumbani. Alianza na kikombe kimoja baada ya kazi, eti kutuliza mgongo. Mwaka haukuisha, akawa anakunywa kabla ya chai. Kazini wakamtoa. Kanisani kwetu tukamwondoa kwenye kwaya, tena jina lake likasomwa mbele ya watu wote, naye ameketi palepale na watoto wake. Tulisema tunamrudi. Leo nasema tulimwaibisha, basi.

Mwezi wa sita Nahum alitulia ghafula. Pombe aliipunguza, ugomvi ukaisha, akaanza kugawa vitu. Kitabu chake cha nyimbo alimpa Émile wa kwaya. Vyombo vyake vya kazi alimpa fundi jirani. Mimi aliniletea koti lake la sikukuu, akasema litamfaa bwana wangu. Akamwomba Lucienne msamaha kwa mambo hata ya miaka kumi nyuma.

Sisi tukafurahi. Jumapili tukatangaza kwamba Nahum ametubu, anaacha mali ya dunia. Vigelegele, makofi, nyimbo. Jamani, akili zetu zilikuwa wapi?

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Ni Monga, mdogo wake Nahum, ambaye naye alikunywa lutuku miaka mingi kabla ya kuacha. Jumatatu asubuhi Nahum alimpelekea velo yake, ile baiskeli yake. Yaliyofuata nilisimuliwa na Monga, na Nahum mwenyewe aliruhusu niyaseme.

Monga aliiegemeza ile velo ukutani, akamketisha kaka yake, ambaye humwita yaya.

"Yaya, minyi sitaki hii velo," alisema. "Uko unawaza kujiua?"

Machozi yakamtoka Nahum, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mama yake hakulia.

"Njo vile," alijibu. "Niko muzigo kwa Lucienne na batoto. Nikienda, batapumua."

Monga hakumhubiria. Hakumwambia ajikaze kiume, wala hakumtisha na moto wa jehanamu. Alimwambia, "Hata minyi niliwaza vile, mwaka nilikuwa naacha pombe. Ile mawazo ilipita. Leo sikuachi."

Alimtuma jirani amwite Lucienne. Mama huyo alikuja mbio, mikono bado inanuka samaki, akasikia yote, akamshika bwana wake.

"Nani alikuambia tutapumua?" alimuuliza. "Tunakuhitaji weye."

Siku hiyohiyo walimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimuuliza swali lilelile la Monga, kwa upole. Aliwaambia kwamba ulevi na huzuni ya namna ile ni magonjwa, yote mawili yanatibiwa. Akawaonya kwamba aliyezoea kunywa sana asikatishe pombe ghafula bila mganga wa hospitali kumwangalia, maana mwili unaweza kuingia hatarini. Aliwaagiza pia waondoe nyumbani kila kitu ambacho angeweza kujidhuru nacho, na kwa wiki zile wasimwache peke yake.

Wakapeana zamu. Mwezi wa nane Nahum alianguka tena, akanywa. Monga alirudi, akauliza tena, wakaenda tena kwa muuguzi. Sisi wa kanisa tulikwenda kwa Nahum kumwomba msamaha. Alitusikiliza, akasema hana nguvu ya kuimba bado, tumngojee. Tunamngojea.

FUNDISHO

Ndugu zangu, msidhani mlevi hana aibu. Anayo nyingi mno, na hiyo aibu inaweza kumuua kabla ya pombe. Ukimwona aliyenaswa na pombe au dawa za kulevya anagawa vitu vyake, anaaga watu, au anasema yeye ni mzigo, usimshangilie wala usimsengenye. Muulize wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya, linampa nafasi ya kusema. Keti naye, ita mwingine wa kusaidia, mfikisheni kwa muuguzi siku hiyohiyo. Na wewe unayesoma, kama ni wewe, mwambie mtu leo, usingoje kesho.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini Nahum hakuficha, alituletea mpaka milangoni, nasi tukapokea na kusema asante. Yuko hai kwa sababu mtu mmoja alikataa zawadi.