Aliyeitika Dirishani

Jambo la kwanza kumshangaza fundi cherehani lilikuwa dogo: mumewe aliitika, na hakuna aliyemwita.

Walikuwa ndani ya nyumba kongwe kuliko zote za mji ule mdogo, chini ya mlima ambao watu hutoka mbali kuja kuupiga picha. Ilikuwa safari yao ya kwanza wawili peke yao tangu waoane. Watoto wamebaki kwa shangazi yao. Mwongoza wageni alikuwa akieleza habari za milango, mara mume akageukia dirisha linalotazama mlima.

"Naam, mama," akasema.

Mama yake alikwishafariki. Mke akamtania kuwa uzee umeanza kubisha hodi. Mwongoza wageni hakucheka. Alifunga dirisha, akawaambia ziara imekwisha, akaondoka bila hata kungoja ahsante.

Walipofika nyumba ya wageni, mume alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na ananuka majivu yaliyomwagiwa maji. Mtu wa masihara yule, dereva wa lori asiyejua kunyamaza, alikaa kitandani kaelekea ukutani. Mkewe akamsemesha, kimya. Akamtajia watoto, kimya. Alipomshika bega, aligeuka taratibu.

"Wewe ni nani wake?"

Fundi alitoka mbio bila viatu.

Mwenye nyumba akamleta mganga, bibi mnene mwenye pumu, ambaye hata kabla ya kukaa alinusa hewa akaguna. Akaeleza kwa mnong'ono kuwa mlimani kuna jini anayeita watu kwa sauti za marehemu wao. Anayeitika, roho yake hupanda, na jini hushuka kukalia kiwiliwili. Dawa ni moja: mke amwite mumewe kabla wingu halijafunika kilele.

"Na asipokuja?"

"Wewe ita tu, mwanangu."

Akaita. Aliita kwa jina la utani la uchumba wao, akaita kwa majina ya watoto, akaita huku ubani ukimkaba na ukuta ukigongwa kwa ndani kama kuna mtu aliyejengewa humo, akaita huku wingu likiteremka na kile kilichokaa kitandani kikimwigiza neno kwa neno kwa sauti ya mke mwenyewe, mpaka hakujua tena nani anaita na nani anaigiza, mpaka koo likamkauka ikabaki pumzi tupu.

Mume akaanguka. Alipofumbua macho aliomba maji, akawataja watoto mmoja mmoja. Mikono yake ilikuwa na joto. Fundi akamkumbatia, akalia kwa kwikwi.

Ndipo sauti ikatoka mlimani, ndani ya wingu, ikihema kama ya mtu anayeshuka mbio.

"Mke wangu, nimekusikia. Nakuja. Nisubiri."

Alitaka kujibu, sauti haikutoka. Akamtazama mganga. Mganga alikuwa anakunja mkeka wake, hataki macho yao yakutane.

Mikono iliyomkumbatia ikambana zaidi.

"Twende nyumbani," mumewe akamnong'oneza sikioni. "Watoto wanatungoja."