Makro Aliyoiacha Ashiru

Harufu ya mabibo yaliyooza ilianza saa nne asubuhi, msimu ambao Newala nzima haikuwa na bibo hata moja.

Stamili, fundi mpya wa mtandao katika chama cha wakulima, alifungua dirisha, akaendelea kukagua ukuta unaolinda mtandao wa ofisi. Kwenye orodha ya makro, yale majina mafupi yanayobeba masharti marefu ya kuchuja kumbukumbu za wanaoingia mtandaoni, alikuta moja aliyoiacha Ashiru, mtangulizi wake. Iliitwa MGENI. Sharti lake lilikuwa moja tu: ficha kila mstari wa anwani fulani. Chama hakikuwa na kompyuta yenye anwani hiyo. Akaifuta.

Skrini ikajaa mistari. Kila sekunde anwani ile ilibisha hodi, na kila mara ilifunguliwa.

Harufu ikageuka kuwa ya kidonda kilichooza. Alipobonyeza kitufe, kidole kilizama kwenye ute wa vuguvugu wenye nywele, akauvuta mkono na ute ukavutika nao kama makamasi, ukamdondokea mapajani, na nyuma ya seva kitu kikaanza kulamba, taratibu, kama mbwa anayelamba jipu lake, kikisogea huku kikilamba, mpaka matapishi yakampanda kooni akayameza.

Akampigia Ashiru, aliyehamia Masasi.

"Shikamoo, kaka," alinong'ona. "MGENI ni nani?"

"Umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Irudishe sasa hivi. Usigeuke nyuma."

"Itamzuia?"

"Makro haizuii kitu, dada, unajua. Inaficha tu."

Kwa vidole vinavyonata Stamili aliandika jina, akaandika sharti, akawasha kichujio. Mistari ikatoweka. Harufu ikakatika. Akatazama mikono yake: mikavu, safi. Alilia kwa kushukuru, kichwa juu ya meza.

Mlango ukafunguliwa. Mama Faidha, mfanya usafi, aliingia na ndoo yake, akapiga hatua mbili, akaziba pua kwa kanga, kisha akatapika pale pale aliposimama.

"Mama, una nini? Unaumwa?"

Mama Faidha alifuta mdomo. Macho yake hayakuwa usoni pa Stamili, yalikuwa pembeni kidogo, juu ya bega.

"Dada Stamili," alisema kwa sauti ndogo, akirudi kinyumenyume, "huyo anayekulamba shingo ni nani?"

Stamili akajipapasa shingo. Ilikuwa kavu kabisa.