Bolti Inayong'aa

Katika mtaa wetu hapa Kindu hatuhitaji jogoo. Tuna lori la Kasereka.

Kila alfajiri Kasereka anapanda kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Injini inazunguka, inazunguka, haiwaki. Anapumzika kidogo, anaanza tena. Mbwa wanabweka. Watoto wachanga wanaamka. Sisi majirani tunavuta shuka hadi masikioni, lakini shuka halizuii kelele ya lori.

Lori lenyewe si bovu. Likishawaka linafanya kazi siku nzima bila kulalamika. Linapanda vilima vya njia ya Kalima likiwa limejaa chumvi, sabuni na watu. Likizimwa mchana, linawaka tena mara moja. Shida yake ni asubuhi tu. Na asubuhi ndiyo yenye riziki, maana kwenda Kalima ni lazima uvuke mto. Kivuko, ambacho sisi huku tunakiita bac, kinapakia mapema. Ukichelewa, unakaa kwenye foleni mpaka jua la utosi.

Kasereka alijaribu kila kitu. Alinunua betri mpya. Alitengeneza starta, ile mota ndogo inayozungusha injini. Alibadilisha chujio la mafuta. Mtu mmoja alimwambia kwamba lori limerogwa, na Kasereka alikaribia kukubali. Uchawi ni mshtakiwa mzuri, hauji kujitetea.

Asubuhi moja, baada ya vijana kulisukuma lori mpaka likawaka, mke wake Katungu alisimama mbele yake. Alikuwa amejifunga kitenge cha safari, lakini hakupanda.

"Baba Jessica, mama wa soko wameenda na gari ingine."

"Wote?"

"Wote. Hata dada yangu."

"Gari iko na kiburi kidogo tu," Kasereka alisema. "Inataka uvumilivu."

"Uvumilivu yangu imeisha. Kesho asubuhi Déo anakuja kuiangalia."

Déo ananunua magari yaliyokufa. Anayakatakata na kuuza vyuma.

Lori hilo ndilo kitu pekee walichobaki nacho baada ya vita. Duka lao liliporwa. Nyumba yao iliungua. Lori lilibaki nyuma ya ua, limefunikwa makuti. Watu wenye bunduki walikuja mara nyingi kulichukua, na kila aliyekuja alishindwa kuliwasha.

Kasereka alizima injini. Siku hiyo hakuwa na abiria wala mizigo ya kupeleka popote. Akakaa chini karibu na gurudumu kama mtu aliyefiwa.

Ndipo Soudi alipotokea kwenye ua na glasi yake ya chai. Soudi ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Anatengeneza injini za mashua, yeye huziita motere, kule bandarini. Ni fundi mzuri mwenye hasira za karibu.

"Bwana Kasereka, mwaka muzima haujaniacha nilale," alisema. "Leo utaniacha niangalie hii motere, ao mimi nitahama."

"Gari yangu haiguswe na mutu."

"Iguse, Papa Soudi," Katungu alisema. "Kesho inaenda kukatwa."

Kasereka aliinuka kutoka kwenye gurudumu, akampisha.

Soudi hakuanza hapo hapo. Aliwaambia waache injini ipoe, na kesho kabla Déo hajafika atakuja, wakati lori limelala usiku kucha. "Ugonjwa wa asubuhi unaangaliwa asubuhi," alisema.

Kesho yake alifika mapema. Hakushika spana wala nyundo. Alikunja mikono tu.

"Washa."

Injini ikazunguka kwa nguvu. Haikuwaka.

"Acha. Umesikia? Inazunguka muzuri. Betri iko muzima. Starta iko muzima. Ulitengeneza vitu vizima."

Kasereka aliondoa mkono kwenye ufunguo.

"Sasa, Mama Jessica, simama nyuma uangalie bomba ya moshi. Bwana, washa tena."

Injini ilizunguka tena.

"Moshi iko?" Soudi aliuliza.

"Hakuna," Katungu alijibu. "Hata kidogo."

"Basi mazutu haifike. Kama ingefika, hata motere ingekataa kuwaka, ungeona moshi mweupe."

Mazutu ni dizeli. Kasereka aliona amepata pa kumkamata fundi.

"Tanki imejaa. Nilijaza mimi mwenyewe."

"Sijasema tanki haina kitu. Nimesema haifike."

Soudi alilegeza skrubu ndogo iliyo juu ya chujio. Kisha alisukuma pampu ndogo ya mkono. Kwanza yalitoka mapovu. Yakatoka mapovu mengine. Mwishowe dizeli safi ilitiririka.

"Njo hii," alisema, yaani ndiyo hii. "Hewa. Motere ya mazutu ikikuta hewa kwenye njia, haiwake. Inabidi izunguke mpaka hewa imalizike."

"Lakini hakuna mahali panavuja," Kasereka alisema. "Angalia chini. Pakavu."

"Ulipokuwa mutoto, haukunywa maji na bua ya papai? Bua ikitoboka juu ya maji, maji inamwangika? Hapana. Unavuta hewa. Toka tanki mpaka pampu, mazutu inavutwa. Mahali hapo pakilegea, pengine hautaona hata tone."

Hapa ninasimama kidogo, msomaji, kwa sababu wengi wetu tuna tabia ya Kasereka. Gari likikataa, tunakimbilia dukani. Sikiliza kwanza. Kama injini haizunguki, au inazunguka kwa uchovu, angalia betri, nyaya zake na starta. Kama inazunguka vizuri lakini haitoi moshi, tafuta mafuta yamekwama wapi. Masikio na macho hayauzwi.

Soudi aliingia chini ya lori. Alifuata bomba la mafuta kwa kidole kuanzia kwenye tanki. Kila bolti aliyopita ilikuwa nyeusi kwa vumbi na grisi. Kisha kidole kikasimama.

Bolti moja ilikuwa inang'aa kama kijiko cha chai. Pembe zake zilikuwa zimelika.

"Nani anashika hii bolti?"

Kasereka alitazama paa la nyumba. Katungu alimtazama Kasereka.

"Baba Jessica."

"Njo mimi."

"Unaishika lini?" Soudi aliuliza.

"Kila jioni. Ninailegeza nusu muzunguko tu. Wakati wa vita njo vile niliokoa gari. Walikuja, wakawasha, ikakataa, wakaenda zao."

"Na asubuhi?"

"Ninakaza, halafu ninawasha."

Soudi alitoka chini ya lori, akakaa juu ya gurudumu la akiba, akafuta uso wake.

"Jioni unamufungulia mwizi mulango," alisema. "Asubuhi unafunga mulango, na mwizi iko ndani."

Katungu alihesabu kwa vidole. "Betri. Starta. Vijana wanasukuma kila siku. Na wewe njo uliharibu gari?"

"Sikuharibu," Kasereka alisema polepole. "Nililinda."

Katungu alikumbuka usiku ule walipolala chini ya lori hilo na watoto, nyumba ikiwa majivu.

Soudi alionyesha bolti na pete mbili nyembamba za shaba zinazokaa kila upande wake. Zilikuwa zimebonyea kwa kukazwa na kulegezwa miaka yote hiyo. "Hata ukikaza kwa nguvu yako yote, hizi hazizibe tena," alisema. Aliweka bolti mpya na pete mpya kutoka kwenye mfuko wake. Alisukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Akafunga skrubu, akapangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu.

"Ukiogopa wezi, toa waya ya betri ulale nayo," alisema. "Waya haivute hewa."

Wakati huo Déo alikuwa ameingia uani na fimbo yake ya kupimia vyuma. Alilizunguka lori. Aligonga bodi kwa vidole.

"Mama, hii njo ile imekufa?"

"Ngoja," Katungu alisema.

Kasereka alipanda. Akazungusha ufunguo.

Lori likawaka palepale. Kasereka alishtuka mwenyewe. Akalizima, akaliwasha tena. Likawaka tena.

"Munanipotezea muda," Déo alisema. "Hii gari haikukufa."

"Hapana, baba," Katungu alijibu. "Ilikuwa ingali vitani. Utusamehe."

Kisha alinyoosha mkono dirishani. Kasereka alielewa. Alitoa spana ya zamani mfukoni, ile ya kulegezea bolti, iliyolala chini ya mto wake wa kulalia tangu vita, akampa. Halafu aliinamisha kichwa juu ya usukani akalia, na injini ikinguruma.

Katungu alitupa nyuma ya lori gunia lake la chumvi, lililokuwa likingoja ukutani tangu jana, akapanda, akafunga mlango.

"Utalia kwenye bac," alisema. "Endesha."