Maktaba ya Rais Makungu

Kiti kilikuwa na joto. Mwanamize aliondoa mkono haraka, akatazama nyuma. Chumbani hamkuwa na mtu, na mwenye kiti, Rais Makungu, alikuwa kaburini miaka mingi.

Rais huyo aliyetawala kisiwa chao alifia uhamishoni Birmingham, na bintiye, Bi Asmahan, akaigeuza nyumba yake ya mtaa wa Handsworth kuwa maktaba ya kumuenzi. Mwanamize alikuwa akihudumia wazee katika mtaa wa Small Heath, mji huo huo, na kuishi peke yake katika chumba cha kupanga. Siku yake ya mapumziko alikuja kutafuta kitu kimoja tu: jina la babake, aliyechukuliwa na askari wa Rais, asirudi tena.

Katika picha za ukutani Rais alikata utepe wa skuli, alibeba watoto, alicheka na wachumaji wa karafuu. Magereza hayakuwepo. Babake hakuwepo.

Kisha ikaja harufu ya udi, na chini yake harufu nyingine, kama ya nyama iliyosahauliwa.

"Bi Asmahan, kuna mtu humu?" alimuuliza mwenyeji wake, aliyekuwa akiingia mlangoni.

Yule mama akamshika mkono. "Sema taratibu, mwanangu. Ni jini. Baba alimfuga ili asitoke madarakani. Baba kafa, yeye kabaki. Kila asubuhi namsifia baba, ndipo ananyamaza. Akikuuliza, sifia, uende zako."

"Na wewe?"

"Mimi niende wapi? Wageni hawaji. Mwenzangu ni huyu."

Kiti kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, mngurumo wa mabasi ya Soho Road ukakatika, na katika ukimya ule sauti nzito ya upole, ile ile iliyotoka redioni utotoni mwake huku mamake akikimbilia kuizima, ikamuuliza sikioni kabisa: "Wananikumbukaje?"

Bi Asmahan alikuwa akimsihi kwa macho.

"Babangu aliitwa Azizi," Mwanamize alisema. "Alikuwa fundi saa. Mlimchukua hajamaliza chakula chake. Hivyo ndivyo ninavyokukumbuka."

Kioo cha picha kubwa kikapasuka. Harufu ikatoweka. Bi Asmahan akapapasa kiti, kimepoa, akapiga magoti.

"Kaondoka," alinong'ona, na kilio chake hakikuwa cha furaha. "Sasa nitazungumza na nani?"

Mwanamize alimkumbatia, akapanda basi.

Jioni, chumbani kwake, alivua koti, akachemsha maji ya chai. Hakuwa na wa kumpigia simu kumweleza yaliyomkuta. Udi ukanukia, kidogo tu, kutoka upande wa kitanda.

"Na wewe," sauti iliuliza kwa upole, "nani anakukumbuka?"

Alijua asijibu. Lakini ilikuwa muda mrefu mno tangu mtu amuulize habari zake, tena kwa Kiswahili cha kwao. Akamimina chai katika vikombe viwili, akaketi, akaanza kusimulia.