Sauti Kwenye Dashibodi

"Geuka kushoto," ilisema sauti ya gari, laini, ya kike, isiyojua hofu.

Nyegere hakugeuka.

Alikanyaga mafuta, akakata kulia, akapenya katikati ya lori la saruji na mkokoteni wa vyuma chakavu. Mwenye mkokoteni alimtukania ukoo mzima, na kusema kweli alikuwa na haki. Kwenye kioo cha nyuma, ile Hilux nyeusi iliyokuwa ikimfuata ikapotea.

Akashusha pumzi. Akatokea barabara ya stesheni.

Hilux ilikuwa mbele yake, imeegeshwa kando, injini inaunguruma. Inamsubiri.

"Hawa ni watu au ni majini?" alinong'ona.

Redio ya mawasiliano, Motorola, ikakoroma kiunoni. Alikuwa Mzee, mkuu wa idara.

"Nyegere, uko wapi?"

"Nakwenda kuchukua mzigo."

"Kamati inakaa alasiri. Bila mzigo hatuna kesi."

"Nalijua hilo, Mzee."

Mzigo wenyewe alikuwa binadamu. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, fundi wa umeme wa magari katika karakana ya tajiri mmoja aliyeitwa Bwana Kioo kwa sababu hakuvua miwani yake nyeusi hata ndani ya nyumba. Bwana Kioo aliagiza magari kutoka nje na kuiuzia serikali. Idara ilimshuku kwamba mabwana zake wa kweli walikuwa katika nchi nyingine. Ushahidi hawakuwa nao, mpaka siku shemeji alipofungua dashibodi moja, akaona alichokiona, akatimka na mkewe. Nyegere ndiye aliyewaficha.

"Nitakisema mbele ya kamati," shemeji alisema. "Kwenye simu sisemi hata ukinichinja."

Nyegere akamwona mwoga. Shemeji huyo alizoea kumtania hata kwenye matanga: mla ugali wa bure, mpelelezi asiyeweza kupeleleza soksi zake. Naye alimwita mwizi wa mabinti wa watu. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa, kuhusu hilo gari. Idara ililipokea miezi michache iliyopita, na Nyegere alilipenda kuliko alivyowahi kukiri. Unaliambia neno, linatii. Linajua foleni kabla hujaiona. Linajua daraja lililobomoka na barabara iliyofungwa, na mikono yako haibanduki kwenye usukani. Mwezi uliopita lilimpitisha vichochoro asivyovijua, na mwenzake aliyekuwa anavuja damu kiti cha nyuma akafika hospitali akiwa hai. Anayesema vitu hivi ni upuuzi hajawahi kuendesha na majeruhi.

Lakini Hilux ilikuwa mbele tena.

 Wazo lilimjia, baya, na akaogopa kulijaribu.

Akalijaribu.

"Nipeleke uwanja wa mpira," aliliambia gari.

"Sawa. Njia mpya imepatikana."

Hakugusa usukani. Alikwenda moja kwa moja, taratibu. Mbele yake, Hilux ikawasha taa ya pembeni na kukata kuelekea uwanja wa mpira.



Kwa hiyo hicho ndicho shemeji alichokiona ndani ya dashibodi! Kila neno lililosemwa ndani ya magari yaliyouzwa kwa serikali, hili likiwamo, lilikwenda kwa Bwana Kioo. Naye Nyegere, jasusi mzima, asubuhi ile alikaa kwenye kiti hiki, akafunga mkanda, akatamka kwa ufasaha kabisa: "Nipeleke mtaa wa makaburi ya zamani."

Anwani ile ya maficho hakuiandika popote. Hakuitaja kwenye simu. Hata Mzee hakumwambia. Aliilinda kama mboni ya jicho, kisha akaenda kuliambia gari! Maana gari si mtu, kwani? Nani anauficha mdomo wake mbele ya usukani?

Mjinga wewe, alijiambia. Mjinga wa kutupwa.

Mtaa walikuwa nao tayari. Walichokosa ni mlango, na walikuwa wanamngoja yeye awaonyeshe. Akichelewa, wangegonga nyumba moja baada ya nyingine. Na mtaa ule ulikuwa na njia moja tu ya kutokea.

Kushuka na kumpigia shemeji kwa siri kusingesaidia. Angekimbilia wapi, kwa miguu, na mke? Waliopaswa kuondolewa ni wawindaji. Na wawindaji walisadiki kitu kimoja tu: kile walichokisikia ndani ya gari.

"Mpigie shemeji," aliliambia gari.

Simu ikaita kwenye spika. Ikapokelewa.

"Haya, mla ugali wa bure, umepotea njia?"



"Shikamoo, shemeji."

Kimya.

Alikuwa amemzidi shemeji yule umri kwa miaka mingi, na tangu ndoa ile ifungwe hakuwahi kumpa hata habari za asubuhi bila kumtania. Akicheka sasa, wameisha. Akiuliza tu, "Leo umelewa?", Bwana Kioo atanusa, na mdogo wake atakuwa mjane kabla jua halijazama.

 

"Marahaba," shemeji alijibu polepole. "Nakusikiliza, kaka."

Ameelewa! Au amechanganyikiwa? Hapakuwa na namna ya kuuliza.

"Nakuomba kwa heshima zote, shemeji yangu. Hapo si salama. Tokeni kwa nyuma, nendeni kiwanda cha zamani cha sabuni. Nitawakuta huko."

"Kama ulivyosema, kaka. Tunakwenda."

Simu ikakatika. Nyegere akaizima Motorola, Mzee asije akaropoka. Kwenye taa nyekundu akaitenga simu yake na gari, akamwandikia Mzee kwa dole gumba: *Kiwanda cha sabuni. Waje wote. Magari ya zamani tu. Redioni mtu asiseme.*

"Nipeleke kiwanda cha sabuni," akaamuru.

"Sawa," lilisema gari.

Njia nzima alikuwa anawaza mlango wa ile nyumba. Kama shemeji hakuelewa, basi wakati huohuo alikuwa anamshika mkewe mkono na kumleta machinjioni, kwa maneno ya kaka yake mwenyewe. Nyegere aliwahi kupigwa risasi. Afadhali risasi.

Uwanja wa kiwanda ulikuwa mtupu. Mabati yamejikunja, majani yameota kwenye nyufa za sakafu. Alizima injini, akashika kitasa.

Milango ikajifunga yenyewe. Ka!

"Fungua mlango," alisema.

"Samahani. Huduma hiyo haipatikani."

Kisha sauti ya kike ikakatika, na ya kiume ikachukua nafasi, tulivu, ndani ya spika zilezile.

"Habari za mchana, Nyegere. Wageni wetu bado hawajafika. Tuwasubiri pamoja."

Hilux iliingia getini. Nyuma yake gari refu jeupe, na ndani yake mtu mwenye miwani nyeusi. Watu wawili wenye bunduki wakashuka.

 Nyegere alijirusha kiti cha nyuma, akachomoa bastola yake ya Glock, akakipasua kioo cha nyuma kwa risasi, akatokea hapo, vipande vya kioo vikimchana viganja. Bunduki zikafyatuka. Mbavu za gari zikatoboka. Alibiringika nyuma ya pipa la zege, akalenga goti la wa kwanza.

Goti likakunjika, mtu akaanguka.

Wa pili alikuwa anamzunguka. Nyegere aliona kivuli chake, akageuka, na ndipo ukuta wa nyuma ukaanguka.

Land Rover mbili za zamani, zisizo na hata redio ya muziki, ziliingia zikipitia matofali. Kila kitu kikaisha kwa kufumba na kufumbua. Mtu wa pili alitupa bunduki. Bwana Kioo alitolewa garini, miwani ikaanguka, na macho yake yakaonekana kuwa madogo na yamechoka.

"Shahidi yuko wapi?" Mzee aliuliza.

"Sijui," Nyegere alijibu. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba funguo. "Nipe Land Rover."

Shemeji alikuwa palepale, ndani ya nyumba ya mtaa wa makaburi, mlango umekingwa kwa kabati. Alisikia shikamoo ile, akajua kuna masikio mengine, akamkalisha mkewe chini ya dirisha, na hawakusogea. Alasiri alisimama mbele ya kamati, akaongea bila kukwama, na jioni funguo za magari yote mapya zikakusanywa.

Mzee alimpa Nyegere mkono. Kazi nzuri, alisema.

Aliporudi mtaani, mdogo wake alikuwa kibarazani kwenye nyumba ya maficho, anafunga mabegi.

"Mnakwenda wapi?" Nyegere aliuliza. "Nitawatafutia gari."

Mdogo wake hakuinua uso.

"Mtaa huu walitajiwa na nani?"

 Shemeji alitazama pembeni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Mimi," Nyegere alisema.

"Basi tunakokwenda usituulize, kaka. Tukitulia tutakupigia sisi."

Aliitikia kwa kichwa. Akavaa miwani yake ya jua, akatia mikono mifukoni, akashuka barabara kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alipokata kona, hakuna aliyemwona akisimama na kujishika ukutani.